Mngenibakizia Daraja

Nyie vijana mliobaki pale ukumbini, salamu kwanza. Mimi nimefika Muheza salama, mgongo wangu ukafika siku ya pili yake. Siku ile ya kuagana mliniomba nisimulie kazi yetu ilivyokuwa tangu mwanzo. Nikasema nitaandika, mkacheka, kwa sababu mnajua mimi shule niliingilia mlangoni nikatokea dirishani. Basi naandika hivyo hivyo, kwa kidole gumba, kwenye simu hii hii mliyoninunulia. Pakikosewa someni kwa sauti kubwa, mtanisikia.

Vyeo na mishahara sitasema. Cheo sikupata, na mshahara mnaujua wenyewe, tusiharibiane siku.

Nilifika Doha kama mfagiaji. Kampuni ilituweka Industrial Area, chumba kimoja tumejazana mpaka mtu akitaka kugeuka kitandani anatoa tangazo, tunageuka wote. Asubuhi basi la kampuni linatugawa kama magazeti, huyu hapa, huyu pale. Mimi nikashushwa Al Mansoura, kwenye ukumbi wa mashine za michezo, chini ya ghorofa, katikati ya kinyozi na baqala, kale kaduka ka maji, mkate na kadi za simu. Ilikuwa mwezi wa nane. Joto la mwezi wa nane hamhitaji kuambiwa. Siku ile mimi niliona kwa macho yangu yai likimponyoka mtu pale mlangoni, likafika chini limeshaiva, akatafuta chumvi.

Ndani nikakuta mashine zimejaa vumbi la jangwani. Nikasema moyoni, leo ndio siku ya kuwaonyesha hawa watu usafi wa Tanga. Nikachukua ndoo, nikaweka sabuni, nikaimwagia mashine ya kwanza maji kuanzia kichwani. Bwana wee! Ilipiga cheche kama harusi ya mtoto wa waziri. Taa zikazimika ukumbi mzima, na kwa kinyozi pia, na nasikia yule mtu aliyekuwa kwenye kiti alitoka kanyolewa upande mmoja.

Gizani ikatoka sauti nyuma ya makabati.

"Yakhe, wewe unaosha mashine ama unakosha maiti?"

Huyo ndiye Fundi Makame. Mtu wa Makunduchi, mwembamba, mrefu, bisibisi kaibana kwenye meno kama mswaki. Wengi wenu hamkumkuta. Nilidhani ataniita kwa mudir, yule bosi wetu wa pale, nirudishwe kwetu na ndoo yangu. Hakuniita. Alikwenda kwa kinyozi akaazima mashine ya kukaushia nywele, akanirushia.

"Kaa hapo uikaushe. Ukimaliza ukaushe na machozi yako. Jina lako nani?"

"Athumani Mhina."

"Mhina, kuanzia leo maji unakunywa. Mashine haina kiu."

Nilikausha mashine ile mpaka adhuhuri. Yeye kakaa pembeni ananionyesha: hii ndiyo bodi, huu ndio waya wa picha, hapa ndipo umeme unapoingilia, ukigusa utafika Muheza kabla ya ndege. Ilipowaka nilipiga kelele. Tangu siku ile nikifagia nusu saa, saa zinazobaki niko nyuma ya makabati na Makame, mpaka mudir mwenyewe akachoka kunitafuta na ufagio, akasema khalas, basi, huyu awe fundi.

Mambo aliyonifundisha nawapa na nyie, kwa sababu najua mnajifanya wajuaji. Vumbi litolewe kwa brashi ya rangi, ile laini, msipulize kwa mdomo, mate ni maji. Batani inayokwama msiibadilishe kabla hamjaifungua, mara nyingi ni sukari. Watu wanakuja na karak mkononi, chai ile ina maziwa na sukari ya kutosha kujengea nyumba, wanaimwaga humo kisha wanalalamika mpiganaji wao hapigi teke. Nimewahi kufungua mashine moja nikakuta sisimizi wameweka mji, wana barabara na serikali. Na kaseti ya mchezo yenye betri, ile betri ya kidonge inayoshika kumbukumbu, mtaibadilisha mashine ikiwa imewashwa. Mkizima kwanza, kila kilichohifadhiwa humo kimekwenda. Pasi ya kuchomea waya kwa risasi iwe ya moto, mkono usitetemeke, na mtu yeyote asipewe ruhusa ya kupiga chafya.

La mwisho ndilo alilolipenda zaidi. Kazi ikiisha, chukua kitambaa safi, futa kitu chote, ndipo umpe mwenyewe kwa mikono miwili. "Ukikifuta," akisema, "ndio unasema: mimi nimetoka, sasa chako."

Hilo la kufuta mlishike. Tutalirudia.

Sasa niwaambie ile mashine ya pembeni, karibu na choo, ambayo nyie mnaiita makumbusho. Kabati lile alilijenga Makame mwenyewe kwa mbao za masanduku, ndani akatia mchezo wa zamani wa kaseti. Ulikuja na maandishi ya Kijapani, hakuna aliyeyasoma, tukaupa jina letu: Mtaa kwa Mtaa. Mnaujua. Mpiganaji wako anatembea kwenda kulia. Kulia tu, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Wanakuja wahuni wa mtaa huu, mashati ya kijani, unawachapa, wanaangusha sarafu. Unaingia mtaa wa pili, mashati mekundu, unawachapa, au wanakuchapa. Lakini uzuri wake si kupigana. Uzuri ni madukani. Unaingia mgahawani unakunywa supu, nguvu zinapanda. Unaingia hamamu unaoga, pumzi zinapanda. Unanunua kitabu, unajifunza teke jipya. Yaani mtu wako anaanza mnyonge, hata mbwa wa mtaani anamtia adabu, halafu taratibu, supu kwa supu, kipigo kwa kipigo, anakua. Unamkuza wewe.

Ijumaa mchana, baada ya sala, watu walikuwa wanamiminika kutoka Industrial Area, wengine mpaka Umm Salal kwenye mashamba, kuja kuwakuza watu wao. Mlinzi kasimama wiki nzima getini hana anayemsalimia, Ijumaa anakuja kumnywesha supu kijana wake na kumuuliza, umelala vipi. Mkicheka chekeni. Mimi nilicheka mwezi wa kwanza, wa pili nikawa na wangu.

Kaseti ina nafasi nne tu za kuhifadhi. Nafasi nne, na watu wanaozitaka wanaweza kujaza uwanja wa mpira, wengine wanashirikiana mpiganaji mmoja. Ndipo ikaja ile desturi yetu ya kulea. Mchezo ule una tabia mbaya: mpiganaji asipoguswa muda mrefu anakonda, mistari yake ya nguvu inashuka. Kwa hiyo ukienda likizo unamwachia mwenzio akulelee, kama unavyomwachia jirani mbuzi. Na sheria ilikuwa moja. Mlezi anamlisha supu, anamuogesha, basi. Hampeleki kupigana mitaa mipya. Unaporudi unamkuta pale pale ulipomwachia, kanenepa kidogo.

Nafasi ya tatu ilikuwa ya Fundi Makame. Na mpiganaji wake akamwita Salma.

Salma ni jina la binti yake. Lakini mchezo ule hauna msichana, una majitu tu, kwa hiyo Salma alikuwa dume la koti jeusi, mabega kama mlango wa msikiti, na masharubu. Nakato, yule dada wa Uganda aliyekuwa akifanya usafi hotelini, ndiye aliyekuwa akimchokoza sana. Na Nakato ndiye aliyekuwa anatushinda wote, msimkubali akikataa.

"Banange, Mzee Makame! Huyu binti yako ana ndevu!"

"Kazifuata kwa bibi yake."

"Na ataolewa na nani huyu?"

"Na atakayeweza kumpiga. Wewe njoo na kaka yako tuone."

Tulicheka mpaka kinyozi anagonga ukuta. Lakini siku moja tuko wawili, tunachomea waya, nikamuuliza kwa nini hasa jina lile. Hakuacha kuchomea.

"Mhina, mie Salma nilimwacha tumboni. Nilirudi likizo ya kwanza namkuta anatembea, anamwita ami yake baba. Likizo ya pili anasoma. Kila mara nikifika naambiwa, Makame, mambo yote tayari, wewe pumzika. Kafundishwa kusoma, tayari. Kafundishwa kuogelea, tayari. Kaolewa, nimetazama kwa simu, picha ikaganda kadhi kafungua mdomo. Mpaka leo kwangu mie kadhi yule hajaufunga." Akapulizia risasi ipoe, yeye aliyetukataza kupuliza. "Huyu wa masharubu angalau namlea mwenyewe."

Na kweli alimlea. Tatizo lilikuwa daraja. Mtaa wa nne mwisho kuna daraja, na katikati yake kasimama jitu na mnyororo. Jitu lile, wallahi, nimeona watu wazima wakilia. Makame alipigwa pale Ijumaa baada ya Ijumaa. Anakula supu, anaoga, ananunua kitabu, anakwenda darajani, anarushwa mtoni. Mchezo ule unaruhusu wawili kucheza pamoja, Nakato akaomba kuingia amsaidie, jitu litakufa kabla ya karak kupoa.

"Hapana, mwanangu. Hili nitalivuka na Salma wangu."

"Mzee utazeeka hapo."

"Nishazeeka. Sina haraka."

Halafu akarushwa mtoni, akacheka, akaturudishia pedi, kile kidude cha kuchezea, bila kuifuta.

Basi. Akaanza kuumwa. Kwanza alisema gesi, sote tunasema gesi. Siku moja nikamkuta kakaa chini nyuma ya kabati, bisibisi iko sakafuni, mkono kifuani, ananiangalia kama mtu anayesikiliza redio iliyo mbali. Ikawa moyo. Wakamrudisha nyumbani atibiwe. Alipokuwa anaondoka akanikabidhi vitu viwili, sanduku la vifaa na Salma.

"Unilelee, Mhina. Supu tu."

"Supu tu, Fundi."

Likizo za watu huisha. Yake haikuisha. Habari zinakuja nusu nusu: kalazwa, katoka, kalazwa tena. Kila Ijumaa mimi namnywesha Salma supu, namuogesha, nampeleka mpaka ukingo wa daraja atazame, namrudisha. Na watu wanakuja kuuliza hali ya Makame pale kwenye mashine, kama vile mgonjwa kalala mle ndani.

Otieno ndiye aliyeanzisha. Mnamkumbuka Otieno, yule askari Mkenya, mkubwa kama kontena, moyo wa kitoto.

"Wazee, si tumfanyie mzee kitu? Ako hosi huko, stress imemjaa. Tumpitishie Salma hapo kwa bridge. Akirudi apate mambo safi."

"Sheria ni supu tu," nikasema.

"Wacha hizo, Mzee Mhina. Sheria ni ya mbuzi. Huyu ni msee wetu."

Nakato naye: "Itakuwa kama dua, Mzee. Kila mtu apige kidogo."

Mimi niwaambie ukweli, nilipenda. Tulikuwa tumekaa miezi bila la kumfanyia yule mzee. Kumpigia simu hupati, pesa tulishachanga, dua tulishaomba kwa Kiislamu na kwa Kikristo. Hapa sasa kuna jitu lililompiga rafiki yetu, na sisi tuna mikono. Nani angekataa? Nikawasha mashine.

Tulifanya kwa zamu. Otieno akampandisha nguvu, akamlisha supu zote za mji ule mpaka mwenye mgahawa nadhani alijenga ghorofa. Nakato akamnunulia vitabu vyote, Salma akawa na mateke ambayo hata Wajapani wenyewe hawayajui. Watu waliotoka kazini wanakuja na sare zao, madereva, wapishi, wanampiga mtu mmoja mmoja kisha wanampisha mwenzao, "hii ni ya Makame", "na hii ya Makame". Ijumaa tuliyopanda darajani ukumbi ulijaa mpaka pumzi tunapokezana. Nakato ndiye aliyeshika pedi. Jitu likainua mnyororo, Nakato akaruka, teke, teke, likayumba, likaenda mtoni. Kelele tuliyopiga, mwenye baqala alikuja mbio na ndoo ya maji akidhani tunaungua. Kwa mara ya kwanza ukumbini pale nikapokea ndoo ya maji bila kuitumia vibaya.

Hatukuishia hapo. Moto ukiwaka nani anauzima? Mtaa wa tano, wa sita, wa saba, mpaka lango la shule kule mwisho, mpaka majina ya Kijapani yakapita kwenye kioo na muziki wa kuaga. Mchezo umekwisha. Mistari ya Salma imejaa yote. Tukahifadhi nafasi ya tatu. Tukakubaliana mtu asimwambie Makame, tumshtukize.

Alirudi. Kapungua, koti linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Kampuni ilimrudisha amalizie mkataba wake tu, kisha aende moja kwa moja. Ijumaa yake ya kwanza tulikuwa tumetandika biriani kwenye meza ya mpira, soda, watu wamejaa. Otieno akamkalisha kwenye stuli kama bwana harusi.

"Mzee, washa!"

Makame akasoma bismillahi, akawasha, akachagua nafasi ya tatu. Salma akatokea. Makame akatazama mistari yake ile, imejaa mpaka mwisho, akasogeza uso karibu na kioo, kama anasoma dawa.

Akaanza kutembea kwenda kulia.

Mashati ya kijani wakamwona Salma, wakakimbia. Mchezo uko hivyo, ukishaumaliza wahuni wanakuogopa. Mtaa wa pili, wakakimbia. Wa tatu, wakakimbia. Watu nyuma yake wanashangilia, "ona, ona wanavyokimbia!" Akafika darajani. Jitu halipo. Pamebaki mnyororo umelala chini. Akasimama pale katikati ya daraja muda mrefu. Halafu akavuka taratibu, hatua kwa hatua, akaendelea mitaa asiyoijua, mitaa mizuri, ina miti, ina taa, hakuna mtu hata mmoja wa kupigana naye. Akafika lango la shule. Njia imeisha.

"Mashaallah," akasema. "Kakua."

"Umefurahi, Mzee?" Nakato akauliza.

"Nani kamvusha daraja?"

"Sisi wote!" Otieno karuka juu, sakafu ikalia. "Kila msee hapa alipiga! Ni zawadi yako!"

"Ahsanteni, wanangu. Mmenifanyia jambo kubwa. Mungu awalipe."

Na alisema kwa moyo, msidhani alinung'unika. Alikula biriani, akanywa soda, akamtania Otieno tumbo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu, nikaona alichofanya kabla hajainuka. Alitoa leso yake. Akaifuta ile pedi, juu, chini, batani moja moja, waya wote. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nikajua hapo hapo.

Hakucheza tena. Ijumaa anakuja, anakaa kwenye stuli ya pembeni, anawatazama wengine wakirushwa mtoni na anacheka nao. Nikamfuata siku moja tukiwa tunabadilisha kioo cha mashine ya magari.

"Fundi, nafasi ya tatu naweza kuifuta. Uanze upya. Supu moja moja, kama zamani."

Akaweka bisibisi chini.

"Salma nimfute?"

"Si mchezo tu, Fundi?"

"Mtu anamfuta mtoto kwa sababu kakua baba hayupo?" Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Hapana, Mhina. Muacheni. Yuko vizuri, kashiba, wahuni wanamuogopa. Baba anataka nini zaidi?" Akaokota bisibisi, akaigeuza geuza. "Ila mngenibakizia daraja. Daraja tu. Mengine yote mngefanya."

Tukafunga kioo. Akakifuta.

Mkataba ukaisha, tukampeleka uwanja wa ndege, Otieno akabeba mabegi yote na angembeba na mzee kama angeruhusiwa. Makame akaishi kwao Makunduchi muda kidogo, moyo ukamchoka, akafariki. Mungu amrehemu. Simu nilipigiwa na binti yake, Salma mwenyewe, yule halisi, sauti yake nyembamba nzuri. Tukapeana pole. Halafu akasema, "Ami Mhina, nikuulize. Baba alikuwa akiwasimulia wajukuu kuna daraja moja huko Doha hakuwahi kulivuka. Kila siku anawapangia atakavyolivuka akirudi. Liko wapi daraja hilo?"

Nikamwambia lipo, mwanangu, lipo Al Mansoura, karibu na choo. Akacheka akilia. Nilichoshindwa kumwambia ni kwamba wewe ulishalivuka. Tulikuvusha sisi, watu wazima na akili zetu, huku tunashangilia.

Kwa hiyo hapo kwenye kazi, vijana, nawaomba hivi. Mtu akiwaachia wake, mlisheni supu, muogesheni, basi. Hata mkimpenda vipi. Mkimpenda sana ndio zaidi, fungeni mikono. Betri ya kaseti ile ikikaribia kufa mtaibadilisha mashine ikiwa inawaka, kama nilivyosema, nafasi ya tatu isipotee. Na msimzungushe kwenye mitaa ile mitupu ili mwone miti. Muacheni Salma langoni.

Nimalizie na mimi. Kurudi kwangu mlinipa simu, mlinipa na koti la baridi, sijui mlidhani Muheza iko wapi. Mwanangu Hamisi alinipokea uwanja wa ndege. Alinitumia picha yake kabla, nisije nikamkumbatia mtu mwingine. Jibaba kubwa, lina kitambi kunishinda. Tukafika nyumbani. Nyumba imeisha, rangi imepigwa, vigae, feni kila chumba. Shamba limelimwa. Kisima kimechimbwa. Michungwa imepandwa kwa mistari kama askari wa gwaride. Akanizungusha kote, anafungua milango, anafunga, ananitazama usoni.

"Baba, yote tayari. Wewe sasa kazi yako ni kupumzika tu."

Nikasema mashaallah. Nilisikia sauti iliyoisema, haikuwa yangu, ilikuwa ya Makunduchi.

Nilipumzika siku mbili, nikataka kufa. Siku ya tatu nikamwona kabeba mbao nyuma ya nyumba.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Banda la kuku, baba. Mpaka jioni litakuwa tayari."

"Hamisi. Hilo nibakizie."

"Ah, baba, jua kali hili, na mgongo wako..."

"Nibakizie. Weka mbao chini. Niletee nyundo, kisha lete stuli ukae hapo utazame. Nikijipiga kidole ucheke, ruhusa. Ila usiniguse."

Akaniangalia kama nimepigwa na jua la Doha likachelewa kufika. Lakini akaleta stuli, akakaa. Msumari wa kwanza ukapinda. Wa pili ukapinda. Wa tatu nikajipiga kidole gumba, hiki hiki ninachowaandikia, ndiyo maana barua imekawia. Hamisi alikuwa ameshikilia magoti yake kwa mikono miwili asije akainuka. Hakucheka. Kwenye mbao ya nne akasema polepole, "Baba, mimi hata kushika nyundo nilifundishwa na fundi wa mtaa."

"Shika hapa basi," nikamwambia. "Shika tu, mimi nipige."

Banda limesimama. Limeegemea upande kama linasikiliza umbea wa jirani. Mlango haufungi. Kuku wenyewe wameingia wakatoka, wanafikiria. Hamisi anasema kesho anaweza kulinyoosha mara moja, kazi ya nusu saa, nimwambie tu.

Sijamwambia. Kitambaa kiko mfukoni, bado sijafuta kitu.